Miti Isiyogusa Chini

Mwalimu Blaise alipofika shuleni kwetu Lusangi kutoka Kasongo, alikuja na mabuti ya mpira, sanduku la vitabu, na imani kwamba kila kitu duniani kinaweza kurekebishwa kabla ya likizo kubwa. Mimi nafundisha Kifaransa hapa, na hapa ndipo nilipozaliwa. Walimu wa namna yake nimewaona wakija na kuondoka, kwa hiyo nilimkaribisha chai nikangoja achoke.

Hakuchoka. Muhula wa kwanza haujaisha akawa ameanzisha kikundi cha mazingira. Siku moja aliniomba darasa langu la wakubwa kwa muda mfupi, akamuuliza kila mwanafunzi atafanya kazi gani akimaliza shule. Wavulana karibu wote walijibu Salamabila, kwenye dhahabu. Waliobaki walisema wataendesha pikipiki za kupeleka watu Salamabila. Wasichana walitaja kushona na kuuza mawese, na wengine wakasema tu, "Tutaona," na sote tulijua maana yake ni bwana harusi.

Blaise alichukua chaki akaandika ubaoni: mtunza kitalu, mfuga nyuki, mpima misitu, mlinzi wa hifadhi, fundi wa umeme wa jua. Alisema hizo zinaitwa kazi za kijani, na kwamba huko Kindu, mji mkuu wa jimbo letu, kuna kituo kinachowafundisha vijana.

"Mwalimu," akasema Heri kutoka benchi la nyuma, "iko mutu gani hapa kwetu alipata kujenga nyumba ya mabati na pesa ya nyuki?"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, nisiseme uongo. Victoire peke yake hakucheka. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuuliza swali lake mwishoni wakati wengine wameshakusanya madaftari.

"Mwalimu, ile kazi ya miti, inaombaka mutu akuwe na udongo yake?"

"Hapana, Victoire," Blaise akajibu kwa furaha. "Miti ni ya dunia nzima."

Lilikuwa jibu zuri, la mtu ambaye baba yake ana shamba. Niligeuka nikatazama dirishani ili asinione uso.

Nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Théophile, baba yake Victoire, si mtu wa hapa. Alikuja kutoka upande wa Kasongo wakati wa vita, mkewe akimbeba Victoire mgongoni. Udongo wote wa upande wa kijito chetu ni wa ukoo wa Baba Gérard, na ndiye aliyempa Théophile mahali pa kujenga na mashamba ya kulima. Alimpa kwa moyo mweupe. Lakini udongo wa kupewa una sharti lake, na sharti hilo kwetu halitajwi kwa sababu kila mtu amelinyonya pamoja na maziwa: utalima mihogo, utalima karanga, mahindi, mpunga, chochote kinachovunwa kikaisha. Mti hutapanda. Mti unakaa kuliko mtu. Anayepanda mti amesema mbele ya watu wote kwamba pale ni pake na pa watoto wake.

Kwa hiyo uwanja wa Théophile ulikuwa mweupe, umefagiwa, hauna hata mlimau. Miaka yote hiyo jua linawachoma, na wanahamisha mkeka kufuata kivuli cha nyumba. Victoire alikua akienda kuketi chini ya miti ya watu.

Blaise alipogawa mbegu, kila mwanafunzi akaoteshe nyumbani ndani ya sashe, vile vifuko vya plastiki vinavyotupwa sokoni baada ya chumvi kuisha, mbegu za wengi zilikufa. Nyingine zililiwa na mbuzi, nyingine zilisahauliwa. Za Victoire ziliota. Akaenda kuokota matunda ya mvule yaliyoangushwa na popo, akayaosha, akapata mbegu ndogo kama za mchicha, nazo zikaota. Aliomba kokwa za avoka, yaani maparachichi, kila alipopita. Nikimwona njiani amebeba sashe tupu kichwani, nilimtania kwamba ataolewa na mwenye duka la chumvi. Alicheka akaendelea.

Blaise naye alitafuta mahali. Kando ya kijito pana kipande ambacho wachimbaji wa zamani walikitoboa wakitafuta dhahabu, wakakiacha na mashimo yenye maji ya kijani ambayo hata bata hawayataki. Alimwendea Baba Gérard kwa adabu, akiwa na jogoo na chumvi, kama inavyotakiwa, akapewa. Msimu wa kwanza wanafunzi walifukia baadhi ya mashimo, wakapanda karanga sehemu iliyokuwa nzuri, wakavuna, wakampelekea mwenye udongo kikapu chake. Mambo yakaenda vizuri sana. Hadi hapo hata mimi nilianza kumpenda kidogo yule kijana na mabuti yake.

Kisha ikaja habari kutoka Kindu. Kituo kile kilikuwa kinatafuta mwanafunzi mmoja kutoka shule yetu, mmoja tu, na mtu wao angekuja kuona kwa macho kazi aliyoifanya. Nafasi, chakula, kitanda, mafunzo, vyote juu yao. Blaise hakuwa na shaka ni nani. Hakuna aliyekuwa na shaka. Lakini alitaka mgeni aone msitu, si sashe.

Wakati huo mimi nilikuwa Kasongo namuuguza mama yangu. Niliporudi nilikuta kandokando ya mashimo yote miche imesimama kwa mistari, imenyooka kama madawati. Mvule, avoka, michungwa. Karibu yote ilikuwa ya Victoire.

"Nani alikuruhusu?" nikamuuliza Blaise.

"Baba Gérard alitupa kiwanja."

"Alikupa kiwanja cha karanga!"

"Mwalimu Nadine, miti inarudisha udongo. Atafurahi. Nitamweleza."

"Na Victoire hakukuambia kitu?"

Akainama akafunga kamba ya buti ambalo halina kamba. Victoire alikuwa amemwambia. Alimwambia mara ya kwanza wakiwa shuleni na mara ya pili wakiwa shambani, jembe mkononi: "Mwalimu, udongo ni ya wenyewe." Naye akamjibu kwamba dunia imebadilika. Na yule mtoto, ambaye hajawahi kushindilia mche ardhini tangu azaliwe, akakubali kuamini. Simlaumu. Njaa ni njaa, hata kama ni ya mti.

Asubuhi iliyofuata njia ya kwenda kijitoni ilikuwa imefungwa. Hakuna ua, hakuna mlinzi. Ni kuti la mchikichi tu, alama ya mwenye udongo ya kukataza, limefungwa fundo, limelazwa toka upande huu wa njia hadi ule. Blaise aliinua mguu kuliruka. Victoire alimshika mkono, yeye ambaye hata kumtazama mwalimu machoni alikuwa anaona haya, akamvuta nyuma kwa nguvu.

"Hapana, mwalimu. Ukipita, tumekwisha."

Tulikwenda kwa Baba Gérard kabla jua halijapanda: Blaise, mimi, Victoire na Théophile, ambaye alikuwa ameoga na kuvaa shati la kanisani. Alitembea nyuma yetu kama mtu anayekwenda kuzika. Baba Gérard alitupokea barazani kwake bila kutupa viti. Ni mtu mfupi, mwenye hasira za karibu na sauti ya kuita mbuzi, na siku hiyo sauti yote aliileta.

"Théophile! Nilikupa pa kulala. Nilikupa pa kulima. Sasa unapita mulango ya shule, unatuma mutoto akupandie miti kwangu?"

"Baba, mimi sikujua," Théophile akasema, macho chini.

"Hukujua? Miche ililala kwako, hukujua?"

Blaise akajitosa. Hapo ndipo nilipotamani ardhi immeze, au inimeze mimi. Alianza kueleza kwamba kwa sheria ya nchi, udongo wote ni mali ya Serikali.

"Vizuri," akasema Baba Gérard. "Basi muende kuipanda kwa Serikali. Ile yangu nitaing'oa leo."

Victoire akapiga magoti. "Babu, kosa ni yangu. Baba hakujua. Nilijua ni mubaya, nikapanda. Nilitaka tu kuona mizizi inaingia chini." Machozi yalikuwa yanamdondoka lakini sauti haikutetemeka. "Ung'oe yote. Lakini baba umuachie mashamba."

Heri alikuwa amesimama mlangoni, kwa maana Baba Gérard ni babu yake na hapo ndipo anapolala. Yeye naye alikuwa katika kikundi, alipanda miche michache siku ile, akitania na kurusha udongo. Kwake halikuwa jambo. Mtu akipanda kwenye udongo wa babu yake, amekosea nini?

Baba Gérard alimtazama mjukuu wake muda mrefu, halafu akamtazama tena msichana aliyepiga magoti. Sijui alihesabu nini kichwani. Akasema hivi: miti inaweza kubaki, kama itakuwa miti ya nyumba yake. Heri atapita mti kwa mti, atashindilia kila mmoja kwa mguu wake mwenyewe, mbele ya watu. Na mgeni wa Kindu akifika, ataambiwa waziwazi nani ni mwenye miti. Victoire atasema kwa kinywa chake kwamba yeye alisaidia tu.

"Lakini mgeni anakuja kuchagua mwanafunzi kwa kazi hiyo hiyo!" Blaise akalia. "Baba, akisema hivyo, nafasi yake imepotea!"

"Mimi siko na nafasi," akasema Baba Gérard. "Mimi niko na udongo."

Théophile aliinua macho. Alimtazama binti yake, na niliona jinsi anavyotaka kumwambia akatae na jinsi asivyoweza. Nyumbani kwake palikuwa na watoto wengine wadogo na mihogo isiyovunwa.

"Nitasema, babu," Victoire akajibu.

Kesho yake kuti liliondolewa. Heri akapita mti kwa mti, akikanyaga udongo kuzunguka kila shina, uso umemjaa aibu, na majirani wakitazama. Victoire alimfuata nyuma na ndoo. "Usikanyage karibu sana," alimnong'oneza. "Utavunja shingo yake." Alimfundisha Heri kukanyaga miti aliyoiotesha yeye mwenyewe. Mimi niliondoka kabla hawajamaliza, kwa sababu ulimi wangu nilikuwa naujua.

Mgeni alifika juma lililofuata kwa pikipiki kutoka Kasongo, matope hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Tulikuwa tumetarajia mwanamume mwenye tumbo na gari. Alikuwa mwanamke mwembamba, Mama Rachida, mtaalamu wa misitu, mzaliwa wa Kasongo, na kitu cha kwanza alichoomba ni maji ya kunawa na mahali pa kuswali. Halafu akataka kuona kazi.

Kila mtu alikuwepo kijitoni. Baba Gérard alivaa koti. Mama Rachida alipita kati ya mistari, akainama, akagusa majani, akaingiza kidole kwenye udongo. Alisimama kando ya shimo moja lenye maji ya kijani, akatikisa kichwa, kisha akatazama mivule midogo iliyolizunguka.

"Nani alipanda?"

"Mimi," Heri akasema. "Ni miti ya nyumba yetu."

"Na weye?" Alikuwa anamtazama Victoire, labda kwa sababu Victoire alikuwa anaitazama miti.

"Nilisaidia, mama. Nilileta maji."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Blaise, masikini, alinikanyaga mguu kwa buti lake zito, na nilipomgeukia niliona macho yake yamejaa machozi. Nikafunga mdomo. Nilimkasirikia Baba Gérard, na Blaise, na wote waliozaliwa kwenye udongo wao, pamoja na mimi mwenyewe, kwa maana nyumbani kwetu kuna michungwa na sijawahi hata siku moja kuifikiria.

Mama Rachida aliandika jina la Heri. Nililiona likiandikwa. Kisha akafunga kalamu, na kwa sauti ya mtu anayemaliza kazi akauliza, "Na miche ya kubadilisha iko wapi?"

Hatukuelewa.

"Mingine itakufa. Mutu akipanda, anaachaka miche pembeni ya kuziba mapengo. Iko wapi?"

Heri aliangalia chini, akaangalia babu yake, akakuna shingo. Hakuwa mtoto mbaya. "Iko kwa Baba Théophile," akasema.

Basi tukaenda kwa Théophile, msafara mzima, Baba Gérard naye na koti lake. Nadhani hakuwahi kuingia nyuma ya nyumba ile tangu alipoonyesha mahali pa kuijenga. Mwenye udongo hachungulii uani kwa mgeni wake, si heshima.

Tulivuka uwanja mtupu, jua likitupiga utosini. Tukazunguka nyumba. Mama Rachida akasimama, nasi tukasimama nyuma yake.

Chini ya kipaa cha makuti kulikuwa na sashe zilizopangwa kwa safu, nyingi sana, zote za kijani. Mivule yenye majani mawili, mingine yenye majani kumi. Avoka za kunifika gotini. Mimea mingine hata mimi sikuijua jina. Hakuna sashe iliyokaa ardhini. Zote zilikuwa juu ya vipande vya mabati ya zamani na mbao za mlango uliovunjika, zimeinuliwa juu ya mawe.

"Juu ya nini umeinua hivi, sababu gani?" Mama Rachida akauliza polepole.

Victoire alitazama baba yake kabla ya kujibu. "Juu mizizi isiguse chini, mama. Ikitoboa sashe ikaingia ndani ya udongo, inakuwa imepandwa. Na hapa si kwetu. Kila asubuhi ninainua moja moja, ninaangalia chini. Kama mizizi inatoka, ninakata."

"Unakata?"

"Kidogo tu. Kwa wembe. Mwanzo inanyong'onyea, kisha inatoa mizizi mingine ndani, mingi, midogo."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, mama. Tunaogopa tu."

Mama Rachida aliinua sashe moja, akaigeuza, akatazama chini yake muda mrefu. Alisema huko Kindu wanatumia muhula mzima kuwafundisha wanafunzi jambo hilo, kuinua na kukata, ili mche ukipelekwa shambani usife, na wengi wanamaliza muhula bado wavivu kuinua. Halafu akamgeukia Théophile.

"Na uwanja wako, baba? Unakaa na miti yote hii, na mbele hakuna hata moja?"

"Udongo ni ya wenyewe," Théophile akasema. "Hizi bado hazijagusa chini. Hizi ni kama vyombo vya nyumba. Wakisema tutoke, tutabeba."

Alilisema kwa upole, bila kumlaumu mtu, kama unavyoeleza njia ya kwenda sokoni. Hakuwa amekumbuka kwamba Baba Gérard amesimama nyuma yake. Alipogeuka akamwona, akarudi nyuma hatua moja.

Baba Gérard alisogea hadi kwenye sashe. Aliinama kwa taabu akachukua mche mmoja wa avoka, akaupima mkononi, akaurudisha juu ya bati. Koti lake lilikuwa limembana mabegani na jasho linamtoka.

Hapo Heri akafungua mdomo, na namshukuru Mungu kwamba kuna watu wanaosema ukweli kwa sababu tu ya uvivu. "Mama," akasema, "mimi kama nikienda Kindu, ile miti ya kijitoni nani ataangalia? Babu alisema ni yangu. Mbuzi wanakuja kila siku."

"Ni yako," akasema Baba Gérard, na sauti ya kuita mbuzi ikamrudia kidogo. "Na mutu mwenye miti anakaa na miti yake. Salamabila uisahau. Kindu pia."

Heri alitoa macho kama mtu aliyeona mtego baada ya kuukanyaga. Tulicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza tangu lile kuti. Mpaka leo sijui kama yule mzee alikuwa amelipanga hilo tangu barazani. Ukimuuliza anajifanya kiziwi.

Mama Rachida alifungua kalamu yake tena. "Sisi hatutafutaki mwenye shamba," alimwambia Victoire. "Wenye shamba wako wengi. Tunatafuta mwenye kitalu. Ile kazi inaomba udongo ya kujaza sashe, basi."

Lilikuwa jibu la swali la Victoire darasani, mwaka mzima nyuma, na mimi nilikuwa nimelisahau. Victoire hakuwa amelisahau. Alikaa chini palepale, katikati ya sashe zake, akajifunika uso kwa viganja.

Victoire aliondoka kwenda Kindu siku chache baadaye. Tulimsindikiza hadi barabarani, na mama yake alimfungia karanga kwenye kitenge na maneno mengi ya kuwaogopa wavulana wa Kindu. Jioni ya siku hiyo Heri alitumwa kwa Théophile na ujumbe mfupi kutoka kwa babu yake: anaweza kupanda mti mmoja uwanjani. Achague mwenyewe mti gani na mahali gani.

Nilikuwa hapo, nilikuwa nimekwenda kumfariji mama yake Victoire. Théophile alimwambia Heri arudie ujumbe. Heri akaurudia. Basi yule mtu akachukua mche wa avoka, ule ambao Baba Gérard alikuwa ameushika, akaanza kuzunguka nao uwanjani. Aliuweka karibu na mlango, akauondoa. Akaupeleka upande wa jiko, akauondoa. Giza liliingia akiwa bado anazunguka, mkewe akimwambia aje ale.

Aliupanda kesho yake, mbele ya nyumba, mahali pa mkeka. Shimo alilichimba zuri, na kila jioni alileta maji kwenye kata. Lakini haukukua. Mvua zilinyesha, mivule ya kijitoni ikampita Heri kiuno, na avoka ya Théophile ilibaki palepale ilipokuwa, majani yamefifia. Blaise alileta samadi. Mimi nilishauri majivu. Majirani walisema ni jicho baya, wengine wakasema Baba Gérard ametoa ruhusa kwa mdomo na kuizuia moyoni. Théophile alisikiliza kila mtu na hakubishana na yeyote.

Victoire alirudi likizo kubwa. Amenenepa kidogo, amevaa mabuti kama ya Blaise. Aliwasalimu wazazi wake, akanikumbatia, na hata maji hakunywa, akaenda kupiga magoti mbele ya mti. Aligusa shina. Aliingiza vidole ardhini. Halafu akasimamisha mkono na kugeuka kumtazama baba yake.

"Baba. Uliipanda na sashe yake?"

Théophile alikuwa anaangalia pembeni. "Niliacha," akasema. "Niliona ni vizuri. Wakisema tutoke, ninavuta tu, ninabeba."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, yote mawili. Karibu mwaka mzima amemwagilia maji mti uliofungwa miguu, na alijua.

Victoire alichimba kwa mikono hadi plastiki ikaonekana. Ndani yake mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka, imejisokota kama kamba ndani ya kikapu. Alitoa wembe mfukoni. Alipasua sashe toka juu hadi chini, akainyofoa vipande vipande kutoka udongoni, akafungua mizizi kwa vidole, mmoja mmoja, akiilaza kila upande.

"Na kama watasema tutoke?" Théophile akauliza.

Victoire alikuwa anarudisha udongo. Hakuinua kichwa.

"Basi itabaki, baba."

Théophile aliitazama mizizi ikifunikwa. Kisha akaenda ndani kuchukua kata, akaleta maji.